Mwantum Kwenye Kipilefti

Ukifika Chang'ombe ya Dodoma ukaulizia bajaji ya Mwantum, hakuna atakayekuuliza Mwantum yupi. Watakuonyesha ile ya bluu yenye pazia la kanga nyuma, iliyofutwa vumbi mpaka kwenye ringi, na dereva wake kajitanda mtandio, ncha kazipenyeza ndani ya koti la mume wake kwa sababu ya baridi. Halafu watakuongezea na neno ambalo hukuliuliza: "Ukipanda kwa mama Tabu, usiwe na haraka."

Si kwamba hajui kuendesha. Gia hazilii mikononi mwake, na akikanyaga breki, mtoto aliyelala nyuma haamki. Tatizo ni kupisha. Alikuwa anampisha mwenye mkokoteni. Alikuwa anampisha mama mwenye ndoo kichwani, hata kama mama mwenyewe amesimama anasubiri bajaji ipite. Akimwona mzee juu ya baiskeli kwa mbali, basi, anaegesha kabisa pembeni, anashusha kichwa, "Shikamoo baba," anangoja marahaba yake, ndipo anaondoka. Abiria wakiguna huko nyuma anawaambia, "Mkubwa yule jamani. Nimpite hivi hivi kama jiwe?"

Kwao ni Kolo, upande wa Kondoa, na alilelewa na bibi yake mzaa baba. Kule vijia vyenyewe vimebanana na vilima, watu wawili wakikutana lazima mmoja asogee. Anayesogea ni mdogo. Anasogea, anaamkia, mkubwa anapita, mdogo ndiyo anaendelea na safari. Na kama huyo mkubwa ni baba mkwe wako, ndiyo usiseme. Bibi yake alikuwa akimwambia hata kabla hajavunja ungo: baba mkwe humkatizii mbele. Ukimwona anakuja, unatoka kijiani, hata kama kuna miiba, uingie kwenye miiba. Mwantum aliolewa na Masudi akiwa amelishika hilo kama alivyoshika kufunga kanga.

Baba yake Masudi anaitwa mzee Halfani. Ni dereva wa siku nyingi. Ujanani aliendesha malori kwenye barabara ya Kondoa enzi ilipokuwa ya vumbi na makorongo, na sasa uzeeni ana kirikuu nyeupe, kigari kidogo cha mizigo anachobebea zabibu kutoka Makutupora kuleta mjini. Naye ni wa mtindo ule ule wa zamani. Salamu ya mkwewe anaiitikia vizuri, lakini maneno mengine yote yanapitia kwa mtu wa katikati. Akija pale nyumbani akitaka maji ya kunywa, atamwambia Masudi, na Mwantum yuko hapo hapo ameshika jagi: "Masudi, mwambie mama Tabu aniletee maji." Masudi akiwa hayupo, anamwambia mjukuu wake Tabu. Tabu akiwa amelala, mzee anaondoka na kiu yake.

Sasa ona mambo. Masudi, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha ile bajaji, alipata kazi ya udereva Chamwino, bajaji ikabaki uani kuku wanailalia. Mwantum akaitazama wee, siku moja akasema, "Nifundishe mimi." Masudi akamfundisha kuwasha, kuondoka na kusimama. Ilipofika kwenye sheria za barabarani akakwama, kwa sababu yeye mwenyewe huwa anaendesha kwa macho na mazoea. Akamwita baba yake.

Basi Jumapili asubuhi, kwenye uwanja wa mpira, watu wa Chang'ombe wakaona sinema ya bure. Mwantum mbele kwenye usukani. Nyuma Masudi na mzee Halfani wamekaa bega kwa bega. Mzee anamwinamia mwanawe sikioni:

"Mwambie apunguze mwendo."

"Mama Tabu, baba anasema upunguze mwendo."

"Nimepunguza."

"Baba, anasema amepunguza."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie kuna mchanga mbele, akate kushoto."

"Mama Tabu, baba anasema kuna—"

Walikuwa wameshaingia kwenye kifusi cha mchanga mpaka nusu ya tairi. Vijana waliokuwa kwenye kivuli walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mzee Halfani alishuka, akajikung'uta, akamwambia Masudi kwa upole kabisa, "Mwambie hajakosea. Habari ilichelewa njiani."

Lakini alimfundisha vizuri. Kuhusu kipilefti, ambacho madereva wengi wa mjini wanakiingia kwa kubahatisha, alichukua kijiti akachora duara kwenye vumbi, akaweka mawe madogo kuwa magari, akamwonyesha Masudi ili Mwantum aone. "Mwambie, aliye ndani ya duara ndiye mwenye njia. Anayetaka kuingia anatazama kulia kwake, akiona mtu anakuja, anasubiri. Hata kama anayesubiri ni waziri. Hata kama aliye ndani amebeba kuni. Ndani ni ndani." Mwantum aliyatazama mawe yale mpaka akayaelewa. Alipata leseni yake, akaanza kazi.

Njia aliyoipenda kuliko zote aliipata mwezi wa nane. Wazazi wa pale mtaani walikuwa wanatafuta mtu wa kupeleka watoto wao wa chekechea, shule iliyo ng'ambo ya barabara ya Makutupora. Mwenye neno la mwisho alikuwa Miriam, mama wa mtoto mmoja aitwaye Emilia. Ni mtumishi wa serikali aliyehamia Dodoma na ofisi yake, mwanamke wa kunyoosha mambo, anayetembea kama aliyechelewa hata akiwa amewahi. Akamwambia Mwantum, "Tukujaribu wiki mbili. Watoto wawe ndani ya geti kabla ya kengele. Hilo tu."

Mwantum aliitaka njia hiyo kuliko alivyoonyesha. Tabu alikuwa bado hajafikia umri wa shule, na asubuhi mama akienda kutafuta abiria, mtoto alikuwa anabaki kwa jirani, akilia mpaka sauti inakatika. Jirani alikuwa mtu mwema, lakini Mwantum alikuwa akikisikia kile kilio mpaka stendi, na wakati mwingine akakisikia hata mahali ambapo hakiwezi kufika. Kwenye bajaji ya watoto, Tabu angekaa na wenzake, apige nao kelele, wakishuka arudi na mama yake. Akiikosa njia ile, ni kurudi stendi, na mtoto kurudi kwenye mkeka wa jirani. Ndiyo maana usiku alikuwa anaisafisha bajaji mara mbili.

Siku za kwanza zilikwenda salama. Shida ilikuwa kipilefti.

Kile kipilefti cha njia ya Makutupora kina tabia zake. Asubuhi kinapokea watu wa kila aina, na kila mmoja amekuja na sheria ya kwao. Kuna mashangingi ya ofisi, ambayo hayaulizi. Kuna waliotoka Dar na magari yao, wanatanguliza pua ya gari kwanza halafu ndipo wanafikiri. Kuna wale wanaowasha hazadi, taa zote mbili zinapepesa, kukujulisha kwamba wao wananyoosha, hivyo uwahurumie. Kuna anayekupiga taa maana yake pita, na anayekupiga taa maana yake ole wako upite. Bodaboda wao hawazunguki, wanapanda juu ya bustani. Na kuna Erick.

Erick ni kijana wa bajaji kutoka stendi ile ile ya Chang'ombe, mchangamfu, meno nje muda wote. Foleni ikisimama, yeye anatanua pembeni, anapita kwenye changarawe mpaka mbele, halafu anachomekea. Alikuwa akiitamani njia ya watoto na hakuificha. Akimkuta Mwantum amesimama kwenye mdomo wa kipilefti, anampigia kelele akipita:

"Mama Tabu! Unangoja mwaliko?"

"Nangoja walio ndani wapite, mdogo wangu."

"Hawaishi hao! Ni kama siafu! Chomekea!"

"Na huyo mzee wa pikipiki?"

"Atajijua!"

Na kweli walikuwa hawaishi. Mwantum sheria aliijua, alingoja walio ndani kama inavyotakiwa. Lakini ikifika zamu yake, ndani ya duara kabisa, akimwona mzee mwenye mvi anataka kuingia kutoka pembeni, mguu unakwenda wenyewe kwenye breki. Anampungia mkono apite. Mzee anashangaa, anapita. Anayemfuata mzee naye anapita, na wa nyuma yake, na gari la mbuzi, na lori la matofali. Watoto wanahesabu magari kwa sauti, wanaishiwa namba.

Wiki ya pili, Jumanne walifika kengele inagongwa. Jumatano ilikuwa imeshagongwa. Jioni ya Alhamisi Miriam alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwa Mwantum, viatu vya ofisini vimejaa vumbi.

"Karibu mama Emilia."

"Sikai. Mama Tabu, mimi nakupenda. Mtoto wangu akirudi kwako amerudi msafi, hajapiga mtu wala hajapigwa. Lakini leo tena mwalimu amenipigia simu. Kwa nini mnachelewa? Mnatoka mapema, naona kwa macho yangu."

Mwantum alitazama chini. Angesemaje? Kwamba nawapisha wazee? Kwa mtu wa ofisi lilikuwa jambo la kuchekesha. "Ni kipilefti," akasema.

"Kipilefti tunapita wote. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya majaribio. Mkichelewa, Jumatatu watoto watakwenda na Erick. Ameshaniomba."

"Erick anachomekea," Mwantum akasema taratibu.

"Anachomekea, ndiyo, lakini anafika." Miriam akapumua, akalainika kidogo. "Nataka nikubakize wewe. Nisaidie nikubakize."

Mwantum alipomlaza Tabu, alikaa akasema na nafsi yake. Kesho hampishi mtu ndani ya duara. Awe na mvi, awe na mkongojo, awe nani. Nitaamkia kwa moyo huku nakwenda. Aliona anaweza.

Ijumaa upepo ulikuwa mkali, wa kuingiza vumbi mpaka kwenye meno. Watoto walipanda na masweta yao, Tabu akabanwa katikati yao, Emilia kwenye ukingo kwa sababu yeye hupenda kuona. Mwantum hakujua kuwa nyuma yao kulikuwa na gari dogo jekundu likiwafuata polepole. Miriam alikuwa ameomba ruhusa ya kuchelewa kazini, akaone huko kwenye kipilefti kuna nini.

Mpaka wanafika, mambo yalikuwa mazuri. Mwantum alitazama kulia, akangoja, akapata nafasi yake, akaingia. Sasa yuko ndani. Upande wa kwanza kulikuwa na babu kwenye pikipiki. Mguu ukatamani breki, akauzuia. "Shikamoo babu," akasema kwa sauti ndogo, akapita. Emilia akapiga makofi, "Tumempita! Tumempita mzee!" Mwantum akasikia mwili wote mwepesi. Kumbe inawezekana. Zimebaki njia mbili tu, atoke, na shule ile pale.

Akainua macho kwenye njia ya Makutupora. Pale kwenye mdomo wa barabara ilikuwa imesimama kirikuu nyeupe, makreti ya zabibu yamefungwa kamba ya manila, na kwenye usukani kofia nyeupe ya kufuma ya siku ya Ijumaa.

Mwantum alikanyaga breki. Hakuamua, ilikanyagika. Bajaji ikasimama katikati ya kipilefti, hatua chache kabla ya kukatiza mbele ya baba mkwe wake. Akashusha kichwa, akavuta mtandio mbele, akangoja mzee apite.

Mzee hakupita.

Mzee Halfani alikuwa amemwona. Kwanza alifurahi, kwa sababu alimwona mkwewe yuko ndani, mahali pake, anakuja vizuri. Yeye akasimama kungoja, kama anavyosimama siku zote. Halafu akaona bajaji imesimama. Akaelewa mara moja kwa nini. Naye akageuza uso upande wa bustani, kama adabu inavyotaka, asimtazame. Kwa hiyo wakawa wamekaa pale, mmoja anatazama magoti yake, mwingine anatazama maua, kila mmoja anamngoja mwenzake kwa heshima zote.

Nyuma ya Mwantum likasimama shangingi. Nyuma ya shangingi basi dogo. Mkia wa basi ukaziba njia ya kutokea kwenda mjini, waliokuwa wanatoka wakashindwa kutoka, walioshindwa kutoka wakawaziba wanaoingia, na muda si muda duara lote likawa limejifunga lenyewe kama mkufu. Honi zikaanza. Wenye hazadi wakawasha hazadi. Anayepiga taa akapiga taa. Bodaboda wakapanda bustani wakakutana na bodaboda wengine wanaoshuka. Erick akatokea kwenye changarawe akitanua, akafika mpaka ubavuni mwa kirikuu, akakuta mbele yake kuna bodaboda walioteremka, nyuma ameshafuatwa na watanuaji wenzake. Akanasa.

"Mama Tabu!" akapiga kelele. "Mbele yako kweupe! Ondoka!"

"Siwezi!"

"Bajaji imezima?"

"Haijazima!"

"Sasa nini?"

Mwantum akazidi kuinamisha kichwa. Nyuma gari jekundu lilikuwa linapiga honi kuliko mengine yote.

Trafiki wa zamu aliitwa afande Elisante, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Alikuja akipenya katikati ya magari, amejishikilia kofia upepo usiichukue. Akafika kwenye bajaji.

"Mama, wewe ndiye umefunga mji. Pita!"

"Afande, samahani. Yule pale ni baba mkwe wangu."

"Nani?"

"Kwenye ile kirikuu. Siwezi kumkatiza mbele. Mwambie apite yeye kwanza, nitakwenda."

Afande Elisante aligeuka, akaishika vizuri kofia yake. Akaenda kwenye kirikuu. "Mzee shikamoo. Pita wewe, tumalize."

"Marahaba. Siwezi kupita, afande. Yeye yuko ndani."

"Nakuruhusu mimi!"

"Najua unaweza kuniruhusu." Mzee Halfani alizungumza kwa utulivu kama yuko barazani. "Lakini yule mama nimemfundisha mimi mwenyewe kwamba aliye ndani ndiye mwenye njia. Nikiingia mbele yake leo, kesho atampisha kila mtu, akiamini mafundisho yangu yalikuwa ya uwanjani tu. Na ana watoto wa watu humo. Hajakosea kuwa pale alipo. Tafadhali, mwambie apite."

"Mwambie wewe! Yuko hapo mbele yako!"

"Sisi hatuzungumzi namna hiyo. Mwambie, baba anasema apite."

"Mzee wangu," afande akasema, na sauti yake nyembamba ikapanda mpaka ikakatika, "mimi ni askari wa usalama barabarani. Mimi si mshenga!"

Waliokuwa karibu walicheka. Erick alicheka akalalia usukani. Hata dereva wa shangingi, aliyekuwa ameshatoa kichwa dirishani ili aseme maneno mabaya, alijikuta anacheka nayo yakapotea. Afande alijifuta jasho, upepo wote ule. Akawa amesimama katikati yao wawili, mikono kiunoni, hataki kubeba salamu ya mtu.

Mzee Halfani alitazama huku na huku kama anamtafuta Masudi. Masudi alikuwa Chamwino. Akatazama zabibu zake kwenye kioo cha juu. Akatazama ile bajaji, akaona vichwa vya watoto vimejazana kwenye pazia la kanga, na kimoja ni cha Tabu. Tabu alikuwa ameshamwona. "Babu!" akaita. "Babu, tunachelewa shule!"

Mzee akashusha kioo mpaka chini. Akatoa kichwa nje.

"Mwantum!"

Mwantum alishtuka. Tangu aolewe hakuwahi kusikia jina lake kwenye kinywa kile. Alikuwa mama Tabu, na kabla ya Tabu alikuwa mke wa Masudi, tena kwa kupitia kwa mtu. Akainua uso kidogo, si wote.

"Labeka baba. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Pita. Wewe ndiye mwenye njia."

"Baba, nipite mbele yako?"

"Pita mbele yangu. Nimekuona, umeniona, tumesalimiana, hujanivunjia heshima. Ukinitii ndiyo unaniheshimu. Haya, peleka watoto."

Mwantum akabana klachi, akaingiza gia. Akaachia breki. Bajaji ikasogea, taratibu, ikapita mbele ya ile pua nyeupe ya kirikuu, mbele ya kofia ya Ijumaa, mbele ya baba mkwe mzima, na ardhi haikupasuka. Watoto wote kwa pamoja wakaimba dirishani, "Shikamoo babuuu!" Mzee akainua mkono. Mara hii hakutazama bustani.

Kipilefti kikafunguka kama gunia lililokatwa uzi. Madereva walipiga tena honi, lakini sasa za furaha. Erick, aliyebaki amenasa ubavuni, alimwomba mzee Halfani ampishe kidogo atoke, mzee akamwambia, "Wewe kijana, ulikuja na njia gani? Basi rudi na hiyo hiyo." Ndicho walichonisimulia watu waliokuwa nyuma yake.

Kengele ililia watoto wakiwa ndio wanashuka. Emilia mguu mmoja ulikuwa kwenye bajaji na mmoja chini. Mwalimu aliyesimama getini alitazama saa, akatazama watoto wanavyokimbia, akawaachia waingie. Lakini kabla ya kengele ni kabla ya kengele, na Mwantum alilijua hilo. Alisimama kando ya bajaji, Tabu kiunoni, akaona gari jekundu linaegesha na Miriam anatoka.

"Nilikuwa nyuma yako," Miriam akasema. "Nimekupigia honi mpaka kidole kinauma. Nimeona mbele yako kweupe, wewe umekaa. Nikasema huyu mwanamke ana nini? Nikashuka kwenye gari nikamuuliza yule trafiki."

"Nisamehe mama Emilia. Najua tumechelewa."

"Amesema yule mzee ni baba mkwe wako."

"Ndiye."

"Yule yule mwenye zabibu?"

"Yule yule."

Miriam akaziba mdomo kwa mkono. Mwantum alidhani anakasirika. Kumbe mabega yalikuwa yanacheka, halafu na yeye mzima akacheka, akaegemea bajaji ya watu.

"Mama Tabu, mimi kwetu ni Tukuyu," akasema alipopata pumzi. "Ni Mnyakyusa. Unatujua sisi na baba mkwe? Humtazami. Humsogelei. Jina lake hulitaji. Mwaka nilioolewa, nilikuwa natoka sokoni na ndizi kichwani, nikamwona anakuja. Hakuna kichaka, hakuna ukuta. Nikaingia kwenye mtaro. Na mtaro una maji! Nilikaa humo nimeshika ndizi zangu, na yeye akasimama kuongea na rafiki yake. Waliongea! Mambo ya kahawa, mambo ya mvua. Nilitoka humo miguu imekuwa kama ya bata."

Mwantum alianza kucheka kwa adabu, halafu adabu ikamshinda. Walicheka wote wawili pale getini, Tabu akawatazama, akacheka na yeye bila kujua cha kuchekea.

"Kwa nini hukuniambia jana?" Miriam akauliza.

"Nilijua utaona ni ujinga."

"Ningeona ni nyumbani." Miriam akajipangusa macho, kisha ile sauti yake ya ofisini ikarudi, lakini si yote. "Sasa nisikilize. Mimi wa mtaroni nakwambia, na nimemsikia mzee naye akikwambia kwa mdomo wake. Ukiwa ndani, njia ni yako. Jumatatu utasimama?"

Mwantum alifikiri. Hakutaka kutoa jibu la kumfurahisha mtu tu. "Nikiwa naingia, nitasimama, ndiyo sheria. Nikiwa ndani, sisimami. Nitaamkia, lakini nitaamkia huku nakwenda."

"Na akiwa baba mkwe?"

"Huyo nitaamkia kwa sauti zaidi."

"Basi watoto ni wako," Miriam akasema. "Si majaribio tena. Erick nitamwambia mwenyewe." Akatazama saa yake, akapiga ukelele mdogo, akakimbilia gari.

Mwantum alimweka Tabu kwenye kiti cha nyuma, peke yake sasa, akavuta pazia upepo usimpige. Mtoto akaanza kuimba wimbo wa chekechea aliouokota kwa wenzake, nusu ya maneno amejitungia. Waliporudi kwenye kipilefti magari yalikuwa yamepungua. Mwantum akatazama kulia, akangoja gari la maji lipite, akaingia. Bodaboda mmoja alitaka kuchomekea kutoka pembeni. Mwantum alimtazama usoni, hakukanyaga breki, na kijana akarudisha mguu chini akasubiri. Njia ya Chang'ombe ikafika.

"Mama, tena!" Tabu akasema huko nyuma.

"Tena nini?"

"Tuzunguke tena!"

Mwantum akaiacha njia ya nyumbani ipite, akaendelea na duara, polepole, mtandio unapepea, wanaotaka kuingia wote wakimngoja.